Mchezo wa Memsabu

Mwalimu Selpher Were alifundisha amesimama mpaka alipoacha kazi mwaka wa 1979. Kiti kilikuwepo. Wanafunzi walidhani ana majipu.

Alipoanza, mwaka wa 1974, alikuja na cheti, viatu vya kisigino na imani kwamba matabaka yataisha watoto wakishayaigiza darasani. Mwalimu mkuu alimshauri, "Binti, fundisha mito na milima." Hakusikia.

Darasani kulikuwa na watoto wa Loresho walioletwa kwa gari, na watoto wa wafanyakazi wao waliokuja kwa miguu. Ijumaa moja akawageuza. Nyawira, bintiye Bwana Kiragu, akawa yaya. Nakhumicha, ambaye mama yake ndiye yaya wa akina Kiragu, akawa memsabu.

"Fanyeni kama mnavyoona nyumbani," akasema. Hapo ndipo alipokosea. Hao wawili nyumbani kwao kulikuwa kumoja: mmoja nyumba kubwa, mwingine kijumba cha nyuma.

Nakhumicha akakalia kiti cha mwalimu, akakunja nne, akatikisa kalamu kama kengele. Akina Kiragu walirithi nyumba ya Mzungu pamoja na mbwa na kengele ya mezani. Uhuru ulibadilisha tu mkono wa kuitikisa.

"Wee yaya! Hii ni chai ama maji ya kuosha gari?"

"Pole, memsabu."

"Na ukitoka, fungua kikapu nione sukari yangu!"

Darasa likavunjika mbavu. Nyawira, daftari mkononi kama pasi, alicheka mpaka akakohoa.

Kisha Nakhumicha akashusha sauti. "Yaya, mtoto wako anaumwa huko nyuma. Hakuna mtu alikuambia?"

Kicheko kikakatika. Wote walijua mdogo wa Nakhumicha alikufa mikononi mwake mwezi wa Aprili, kabla mama hajafika.

"Mimi nilisema!" Nyawira akalia. "Uliponituma, nilienda. Mama yangu akasema yaya amalize pasi kwanza."

"Na mama yangu akasema nini?"

"Akasema, 'Ndiyo, memsabu.'"

Nyawira alisimulia mchezo huo kwao. Jumatatu, wakati wa mapumziko, yaya mwenyewe akaingia darasani na sanduku kichwani. Alikuwa amefukuzwa. Nakhumicha alikuwa amebaki ndani, ameegemea ukuta.

"Nisamehe, mama, kwa hiyo kazi," Mwalimu akaanza.

"Kazi nitapata, hata mtaa wa Kabiria watu wanafuliwa nguo. Lakini huyu haongei na mimi. Nilimwambia sikupata habari ya mtoto." Akatua sanduku. "Mwalimu, turudie. Wewe kaa pale, uwe memsabu. Nataka aone nikikataa."

Mwalimu akakaa. Akanong'ona, "Mtoto wako anaumwa. Maliza pasi kwanza."

Mama Nakhumicha akafungua mdomo. Maneno aliyoyapanga njia nzima kutoka Loresho hayakuja. Mkono wake ukashuka juu ya dawati, ukaanza kwenda mbele na kurudi, ukakunja mkono wa shati ambalo halikuwepo, ukaenda tena.

"Mchezo umeisha," Mwalimu akasema. "Mama, umeisha."

Mkono haukusikia.

Nakhumicha akatoka ukutani, akaweka kiganja chake juu ya dawati, njiani mwa ile pasi. Mama akaruka. Akavishika vidole vya mtoto kwa mikono miwili, akavipuliza, akavipuliza, kana kwamba vimeungua.