Mkono Ulioomba Kijiko

Ile siku nilipoomba kijiko cha kulia samaki naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na Mungu anisamehe, maana nyanya yako alikuwa amependeza na mimi nilikuwa nimeazima suti. Kaa hapo, Boke. Usitoe sahani. Najua umechoka na safari, kutoka Migori mpaka hapa Mfangano si karibu, na mashua imekurushia maji mpaka umefika umelowa. Hata mimi nimechoka. Nilikuwa nimepanga leo nile, nisikilize redio kidogo, nilale. Lakini umeniharibia mpango, mwanangu. Umeletewa ugali na ngege mzima, samaki uliyekuwa ukimlilia kwenye simu wiki yote, halafu ukamwambia nyanya yako akupe kijiko.

Nyanya yako alicheka, akadhani ni mambo ya mjini. Mimi sikucheka. Huo mkono wa kulia umeuficha chini ya meza tangu uingie. Na kabla hatujanawa ulikuwa unanionyesha glavu za ndondi kwenye simu, unaniuliza ununue hizo za pinki au hizo nyeusi, ndio ufanye mazoezi nyumbani vizuri. Nitakujibu. Umetoka mbali kuuliza, siwezi kukunyima jibu. Ila utanivumilia nianze na kijiko.

Nilikuwa na umri kama wako, mvuvi kwenye mashua ya baba mdogo. Tulipeleka samaki Homa Bay, na nikiwa narudi kutoka sokoni nikasikia vishindo ndani ya ukumbi mmoja. Nikachungulia dirishani. Vijana walikuwa wanapiga ndondi, na mzee mmoja aliyenyooka kama mlingoti anawazungukia na filimbi mdomoni. Alikuwa askari jela mstaafu, jina lake sikulijua kwa muda mrefu kwa sababu kila mtu alimwita Mwalimu tu. Akaniona, akaniita ndani, akaniambia nirushe ngumi hewani. Nikarusha. Akanitazama, akasema, huyu ana mkono.

Maneno hayo yalinilewesha, sikufichi. Akaniambia mvua zikiisha kutakuwa na mashindano ya vijana pale Homa Bay, na atakayefanya vizuri atapelekwa Kisumu. Tulikuwa tunasikia kwamba ukionekana Kisumu, jeshi linakuchukua kwa sababu ya ngumi zako, unavaa viatu vya serikali, mama yako anajengewa nyumba ya mabati. Mwalimu alijua siwezi kuvuka ziwa kila siku. Akasema nifanye mazoezi nyumbani, halafu nije anione kabla ya mashindano. Nilirudi kisiwani siwezi hata kukaa chini. Nilitaka hayo mashindano kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, kabla ya hapo na baada ya hapo.

Sasa vifaa. Nani angeniambia nianze na nini? Glavu nilizipata kwenye rundo la mitumba, nyekundu, zinang'aa. Sijui zilitoka kwa nani, labda kwa mtoto wa shule huko Ulaya, maana zilikuwa nyembamba hivi kwamba ukibonyeza kwa kidole unagusa mfupa wako mwenyewe. Nilizipenda rangi. Unaniangalia hivyo kwa nini? Ndiyo, kama wewe na pinki yako.

Halafu nikachukua gunia, nikalijaza mchanga wa ziwa. Mchanga ulikuwa pale pale, hauulizwi, na gunia likajaa kabla chai haijachemka. Nikalining'iniza kwenye boriti ya banda la kuhifadhia nyavu. Siku za mwanzo lilikuwa sawa. Lakini mchanga hautulii mahali ulipouweka, mwanangu, unashuka. Ukiupiga unashuka zaidi, na unyevu wa ziwa unaingia, unashikana. Baada ya muda juu kulikuwa na gunia tupu linalopepea, na chini kumekuwa jiwe. Mimi nikasema vizuri, nitakuwa na ngumi ngumu.

Mikono nilijifunga mwenyewe, na hapo ndipo ujinga wetu sisi watu wa ziwa ulipoingia. Sisi kufunga mikono tulikuwa tunajua tangu utotoni. Unachana tyubu kuukuu ya baiskeli, unazungusha kwenye kiganja na kwenye vidole, pale kamba ya wavu inapopita, isikukate. Kifundo cha mkono unakiacha wazi, kwa sababu ukivuta wavu lazima kifundo kipinde na kurudi, kipinde na kurudi. Kila mvuvi wa hapa anafunga hivyo. Baba yangu alifunga hivyo. Basi na mimi nikavaa glavu juu ya mpira wangu wa tyubu, nikajiona nimejikinga kabisa.

Nilipiga gunia kwa nguvu zangu zote, chini, pale penye jiwe. Kifundo kikapinda. Nilisikia kitu ndani kama kijiti kikavu, kisha sikusikia kitu, kisha nikasikia kila kitu. Nikakaa kwenye nyavu, jasho linanitoka baridi.

Na unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Baba mdogo akijua atamweka mtu mwingine kwenye mashua. Mwalimu akijua atanifuta. Nikajiambia umevimba tu, utapungua. Nikavaa shati la mikono mirefu kwenye jua hili la Mfangano, watu wananiuliza kama nina malaria. Nyavu nikavuta kwa mkono wa kushoto, huku naigiza kwamba wa kulia unasaidia. Uvimbe ukapungua kweli, na mimi nikashukuru.

Dani, nyanya yangu mimi, ndiye aliyenikamata. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, najua hicho unakijua, lakini mambo mengine ya upande huu hukupata, maana mama yako ni Mkuria wa Kegonga na baba yako ni Mjaluo wangu huyu, na nyumbani kwenu mmekubaliana kwa Kiswahili. Mama yako akakuita Boke, baba yako akakuita Achieng', mimi naita yote mawili, utakaloitikia. Dani yeye hakuwa na Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Kwa hiyo maneno yake nakugeuzia, na yakikosa makali ujue ni mimi nimeyapunguza.

Aliweka ugali na samaki mbele yangu. Niliumega ugali, vidole vikakataa kufumba, tonge likaanguka. Nikamwomba kijiko, nikitabasamu kama mtu mstaarabu. Nyumba ile ilikuwa na kijiko kimoja, cha kumnyweshea mgonjwa uji. Dani akaenda akakitafuta, akakisafisha polepole, akaja akakiweka mbali na mimi. Kisha akaushika mkono wangu, akapandisha shati. Nilikuwa bado nimevaa mpira wa tyubu, kwa aibu ya kuuvua mbele ya watu. Akaufungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza akanitazama usoni.

"Hapa umefunga mkono wa kuvuta," akasema. "Nani alikuambia kuvuta na kupiga ni kazi moja?"

Nikaanza kujieleza. Akaninyamazisha kwa kichwa tu.

"Kuumia si kosa. Lakini umekula kwangu siku zote hizi, unaniamkia, unaniangalia machoni, na mfupa wako unaungana vibaya. Ungeniambia ile siku ya kwanza. Mimi ni nani kwako, hata unifiche mkono?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepiga kelele. Nililia, mtu mzima, mvuvi, na samaki anapoa.

Tulivuka asubuhi. Hospitalini daktari akapapasa, akatikisa kichwa, akasema mfupa umeshashikana ulivyotaka wenyewe. Ningekuja mapema angeunyoosha, angefunga plasta, ningekaa mvua hizo nikipona. Sasa basi. Kutoka hapo nilijikokota mpaka kwa Mwalimu na glavu zangu nyekundu mfukoni, sijui nilitaka anifanyie nini. Alizibonyeza kwa kidole gumba, akanirudishia. Hakunigombeza. Alikaa na mimi kwenye benchi, akanieleza taratibu jinsi kijana anayefanya mazoezi peke yake nyumbani anavyopaswa kujipanga, jambo moja baada ya jingine, kama vile bado lingenifaa. Nadhani alinihurumia. Mashindano nikayatazama kupitia lile dirisha la kwanza. Aliyeshinda alikuwa Odoyo wa hapa hapa kisiwani, ambaye nilikuwa nimeshampiga mara nyingi ufukweni hata hanigusi. Nilimshangilia. Roho iliniuma, na ukiniuliza leo, bado inauma kidogo.

Tangu hapo vijana wananijia. Wanasikia mzee fulani alijua ndondi, wanakuja na simu zao, babu hizi au zile, nawaambia, wanaitikia ndiyo babu, ndiyo babu, wanakwenda kujaza gunia mchanga. Nachoka, Boke. Mkono huu siku hizi hauinui birika la chai likijaa, na nyanya yako ananifunga vifungo vya shati nikienda kanisani. Huyo mzee mnayemwona akikunja ngumi kwenye picha ukutani ni picha tu.

Sasa sikiliza, nakwambia alichoniambia Mwalimu pale kwenye benchi, maana kwangu kilichelewa. Usianze na glavu. Anza na bendeji za mkono, zile ndefu za pamba, na usiniambie tena kwamba bendeji ni ya mtu aliyeumia, hilo nimelisikia kwako saa ile tukinawa. Uzungushe kwanza kifundo, mara kadhaa, kishikwe. Kisha vifundo vya vidole, kisha katikati ya vidole, kisha urudi tena kwenye kifundo. Ukikunja ngumi iwe moja, isiyumbe. Vidole vikianza kufa ganzi umekaza mno, fungua uanze upya.

Glavu uende dukani ukiwa na bendeji zako mfukoni, ujifunge, ndipo uzijaribu. Picha ya simu haijui mkono wako. Bonyeza hapo mbele kwa kidole gumba, kama nilivyokosa kubonyeza mimi. Ukigusa mfupa, irudishe hata ikiwa na rangi ya malaika. Na chukua za kufunga kwa mkanda wa kubandika, si za kamba, kwa sababu uko peke yako nyumbani na kamba zinataka mtu wa pili. Aunsi kumi na mbili zinakutosha kwa mwili huo, na kama muuzaji ana nzito kidogo zinazokukaa vizuri, usikatae. Za mitumba sizikatazi, lakini nusa ndani na uangalie sponji haijasagika. Pinki au nyeusi? Nunua pinki, mama, zikiwa nene.

Lile gunia ulilotundika kwenye boriti za jikoni kwa mama yako, ukirudi ulishushe. Umelisimulia leo kwa fahari, nimekusikia. Mchanga umwage, mama yako aupigie sakafu. Jaza nguo kuukuu zilizokatwakatwa, shindilia tabaka kwa tabaka, na utoe vifungo na zipu zote. Nenda ulitundike nje kwenye nguzo ya maana, si kwenye boriti zinazobeba paa la watu waliolala. Kamba ya kuruka nitakukatia mimi kutoka kwa kamba za nyavu, na kipande cha kioo cha kujitazamia kiko kwa nyanya yako, mbembeleze. Kofia ya ndondi wacha. Kinga ya meno utaitafuta siku utakayosimama mbele ya mtu anayerudisha ngumi. Usikimbilie siku hiyo.

Haya yote ungeyapata kwa mwingine, pengine hata kwenye hiyo simu. Ambalo simu haitakwambia ni hili, na ndilo lililonitoa usingizi. Una mashindano yako mbele, najua, umeyataja mara nyingi leo kuliko ulivyotaja chakula, na unaogopa mtu akijua umeumia atakwambia acha. Sitakwambia acha. Sikuachishwa ndondi na Dani, niliachishwa na kunyamaza kwangu. Mwili wako ukikuuma, sema siku ile ile, kwa mtu anayekupenda, hata kama atakugombeza. Uliyonayo ni hiyo mikono, Achieng', vifaa vingine vyote vinauzwa.

Nyasaye aliyekuumba akukunjue vidole vyako asubuhi na avikunje jioni bila maumivu. Akupe mwalimu wa kweli na nyumba yenye watu wa kukuuliza. Upigane na uliyemchagua, urudi nyumbani ukijijua jina, na ukifika umri wangu uinue birika lako mwenyewe umimine chai.

Mashua ya kwanza tunaondoka nayo kesho, mimi na wewe, twende hospitalini. Glavu zitangoja. Sasa weka hicho kijiko chini, nyanya yako amesimama mlangoni na yeye ameshaelewa. Nipe huo mkono.