Mkono wa Baba Kwenye Mpini

Enzi zetu pale Kalemela, ndoano ya kuvulia, pamoja na mwanzi wake, haikununuliwa dukani ikiwa tayari. Ulikata mwanzi, ukauanika juu ya moshi wa jikoni mpaka ukakomaa, kisha ukautia mpini wa gome. Kuna mti mmoja wa miiba, wenye maua mekundu, ambao gome lake ni nene na jepesi kama kizibo cha chupa. Wazee walilikata vipande, wakavitoboa katikati, wakavipanga kwenye mwanzi kwa ulimbo, halafu wakachonga mpaka vikatosha kiganja. Watoto wa siku hizi wakiona mwanzi wanadhani ni wa kuangulia maembe.

Mpini ukishachongwa, uliletwa kwa mama yangu. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, hakuwahi kuvua hata furu, samaki mdogo kuliko wote, lakini mipini ya nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Alichemsha magome mekundu kwenye sufuria kuukuu mpaka maji yakakolea kama chai iliyosahaulika motoni. Akaupaka mpini kwa unyoya wa kuku, akauacha unywe, akapaka tena. Ukishakauka kabisa ndipo aliusugua kwa kitambaa chenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa na samli kidogo, ili maji ya ziwa na utelezi wa samaki visipenye. Mpini usiozibwa, alisema, hunuka kabla ya mwenyewe kupata samaki. Harufu ile ya nta, samli na moshi ndiyo Jumamosi yangu mpaka leo. Tulikaa pembeni tukitafuna michembe ya viazi vitamu, mikono ina mikwaruzo ya kuchuma pamba, tukisubiri wenzetu watuite kucheza rede.

Sheria ilikuwa moja: mpini wenye rangi mbichi haushikwi. Baba ndiye aliyeisimamia, na alishatangaza kwamba atakayegusa atakula ugali kwa chumvi. Basi mwaka mmoja, ndoano yake ya zamani ilipovunjika, alijitengenezea mpya, na mama akaitia rangi asubuhi. Mchana jirani akapita na habari kwamba baada ya mvua sato wamesogea kwenye matete. Baba, mtu mzima, mzee wa kanisa, akaichomoa ndoano pale ukutani akaondoka zake. Jioni alirudi na sato mmoja wa maana na kiganja chekundu. Alikisugua kwa majivu, hakikutakata. Jumapili tulimwona akisalimia watu kanisani huku kakunja ngumi, tukabanana kwenye benchi kuzuia kicheko.

Alama ya mkono wake ilibaki kwenye mpini, vidole upande huu na gumba upande wa pili. Aliona aibu, akamwomba mama aukwangue na kuupaka upya. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua nta akaisugua juu ya alama ile ile.

"Iache hivyo hivyo," akamwambia. "Sasa hakuna wa kusema ndoano si yako."

Baba alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa. Hatukubaki na picha yake nzuri. Mama alipohamia kwangu, Somanda, alikuja na nguo zake, redio na ile ndoano. Kila asubuhi kabla ya chai alikaa barazani akaweka vidole vyake ndani ya alama ya vidole vya baba. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza, wala hatukuwasimulia watoto.

Mwezi uliopita binti yangu Kabula alikuja likizo kutoka chuoni. Kizazi hiki kinafundishwa na simu hata kusonga ugali. Huko kwenye simu aliona namna ya kurudishia vitu vya zamani upya wake, akataka kumfurahisha bibi yake. Tulipokuwa hospitali kwa ajili ya macho ya mama, akanunua msasa na vanishi nyekundu, akaukwangua mpini mpaka ukawa mweupe, akaupaka. Tuliporudi ulikuwa umeegemezwa ukutani, unang'aa, bado unanata. Kabula alikuwa anatabasamu, akisubiri sifa, na mimi nilishafungua mdomo kumgombeza.

Mama akanishika bega. Akausogelea mpini, akainama karibu kabisa akiutafuta ule mkono. Haukuwepo. Aliukagua upande huu na upande ule mpaka Kabula mwenyewe akashtuka, akauliza kwa sauti ndogo amekosea nini.

"Babu yako alitaka upakwe upya tangu siku ile," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemnyima. Haya, sasa amepata."

Kisha akaushika ule mpini mbichi, akaukaza kama anayevuta samaki. Alipouachia, alama ilikuwa pale, ndogo kuliko ya baba, kidole kimoja kimepinda.

Simlaumu Kabula, alifanya kwa upendo. Ila enzi zetu kitu kilivyozidi kuchakaa ndivyo kilivyozidi kuwa chetu, na leo kinachochakaa kinasuguliwa kifanane na cha dukani. Ule mkono wa baba nautamani, na najua hautarudi.

Vanishi ilipokauka, Kabula aliyeyusha nta na samli mwenyewe, akamletea bibi yake kitambaa kikiwa bado cha moto. Mama akaisugua taratibu juu ya alama yake, kama alivyofanya kule Kalemela.

"Huu ni wangu, mjukuu wangu," akamwambia. "Usije ukaupiga msasa."