Dhoruba ya Mtabiri

Mtabiri wa hali ya hewa haanzi kazi kabla ya kuisalimia bahari kwenye kompyuta yake. Jumatatu aliona kijiwingu kinajizungusha, akakigusa kwa ukucha: "Kua, mwanangu." Jumanne kikawa dhoruba changa, naye akatangaza redioni kwa sauti nzito ya msibani kwamba kila mtu aanue nguo. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jumatano dhoruba ikatawanyika karibu na pwani bila kudondosha hata tone. "Umeniaibisha," akaiambia. Kisha akazunguka nyuma ya ofisi, akafungua bomba, akalowesha mwavuli na mabega, akaenda nyumbani akitweta. Mkewe alikuwa uani, akianua nguo zilizokauka kau. Akamrushia taulo moja. "Pole na mvua, mume wangu. Kesho iambie ipitie na bustani yangu."