Kanga Isiyofuliwa

Jumapili iliyopita mama yangu alifika kwangu Ruhuwiko kutoka Maposeni na mfuko wa maharage, kuku aliyefungwa miguu, na swali moja. Maji ya kunywa alikuwa hajayamaliza. Alimtazama mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, amesinzia mgongoni kwa dada anayenisaidia kazi, akaniuliza, "Kanga ya kumwachia mtoto iko wapi?"

Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika. Siku nyingine sita naingia mapokezi ya hoteli saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Ndivyo mkataba unavyosema, na niliusaini mwenyewe huku nikitabasamu. Hata Jumapili hiyo mtoto alikuwa mgongoni kwa dada. Asubuhi nilikuwa nimemnyanyua, akajinyonganyonga kama kambale mpaka nikamrudisha alikotoka.

Nikamjibu mama kwamba watoto wa siku hizi hawaachiwi kanga, wanaachiwa midoli. Yeye akacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana swali lake lilikuwa limegusa mahali nilipopafunika kwa zaidi ya miaka ishirini. Acha nikusimulie, labda aibu itapungua uzito.

Kama ulikulia Songea ya wakati ule utaikumbuka Ruhuwiko kabla viwanja havijapimwa: nyumba moja, shamba la mahindi, kisha nyumba nyingine. Mvua za kwanza zikinyesha tulikwenda porini kuokota masuku, tukarudi na sketi zimejaa, tukashindana kutema mbegu nani azifikishe mbali. Baba alikuwa kwenye mashamba ya kahawa Mbinga, tukimwona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa baba, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea.

Mama aliajiriwa kwenye ghala la tumbaku mjini, kuchambua majani kwa madaraja. Alitoka majogoo wakiwika, akarudi kiza kinaingia, siku sita kwa wiki. Mdogo wangu alibaki na bibi, na alibaki na kanga. Kanga yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi ya udongo, maandishi yake yamefifia ila ukiinyoosha ulisoma "Wema hauozi." Mama alilala amejifunga hiyo. Alfajiri aliivua, akamfunika nayo mtoto, akaondoka kwa kunyata. Mchana kutwa mtoto aliiburuta, akaitafuna pembe, akailalia. Usiku mama aliichukua tena akaijaza harufu upya, kama mtu anayechaji simu. Ilifuliwa Jumapili tu, akiwepo mwenyewe. Kila mtu pale nyumbani alijua kwamba kanga ile haiguswi.

Harufu ya mama ilikuwa tumbaku. Ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye mto, mpaka kwenye uji, au mimi ndivyo nilivyoona. Na nilianza kuionea haya siku wasichana wa darasani kwangu walipopita nyumbani, mmoja akashika pua, akasema, "Kwenu kunanuka kiko cha babu." Wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema ni kile kitambaa cha mtoto, mama yangu mchafu. Ndiyo, nilisema hivyo. Mama yangu, aliyekuwa amesimama kutwa akichambua majani ili mimi niwe na daftari.

Jumamosi yake bibi alikwenda shambani kupalilia, akaniachia mtoto amelala. Nikaichomoa kanga taratibu, nikaipeleka kwenye jiwe la kufulia, nikaipiga sabuni ya mche mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Nikaianika uani. Ilinukia vizuri sana. Nakumbuka nilisimama mbali kidogo nikaitazama kwa fahari, nikisubiri kusifiwa.

Mtoto aliamka akapapasa. Nikamkimbilia na kanga ikiwa bado na ubichi. Aliizamisha pua, akanitazama, akaitupa, akaanza kulia. Bibi alipotoka shambani alikuta kilio kimekwishakuwa cha kukauka. Akaishika kanga, akainusa. Kisha akavitazama vidole vyangu vilivyosinyaa kwa maji. Alimbeba mtoto, akamwimbia, akamzungusha kwenye mahindi, akampa togwa, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Haikusaidia kitu. Kutwa nzima mtoto hakula wala hakulala, na jioni mama alipotokea njiani, sauti ilikuwa imemwisha, mdomo unafunguka tu.

Mama alimpokea, akaivuta kanga iliyokuwa imeanikwa tena uani, akainusa.

"Nani kaifua?"

Nilikuwa napuliza moto jikoni. Nikaendelea kupuliza, na moto ulikuwa umekwishawaka.

"Mimi," akasema bibi. "Ilikuwa imechafuka."

"Mama, ulijua. Ulijua kabisa." Mama akamfunga mtoto mgongoni. "Kama mnataka mtoto anisahau semeni tu."

Bibi akajibu, "Nisamehe, mwanangu." Basi.

Nilimfuata bibi baadaye nyuma ya nyumba, nikilia. Akaniambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Mama yako amechoka, leo angekuumiza. Utamwambia mwenyewe ukiwa tayari."

Sikuwa tayari kesho yake, wala keshokutwa. Jumatatu mama alimpeleka mdogo wangu kwa jirani, na tangu hapo ndiko alikoshinda. Kila asubuhi alimpita bibi barazani na mtoto mgongoni, akasema "Shikamoo" bila kusimama. Bibi aliitikia "Marahaba", kisha akabaki ameweka mikono mapajani, mikono ambayo haikuwa na cha kubeba. Wakati ule nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nikaungama kwa padri. Akanipa Salamu Maria tatu na kuniambia nikamwambie mama. Zile tatu nilizisali harakaharaka, nikaona nimemaliza.

Baadaye alizaliwa mdogo wetu wa mwisho. Naye akapelekwa kwa jirani. Bibi alimwona akikua kwa mbali, kwa kuchungulia uzio. Nilipokuwa kidato cha pili tukamzika bibi, na mama alilia kama wanavyolia wakwe waliokuwa wanaheshimiana.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Jumapili ile mchana, mimi na mama tumekaa uani tunachambua maharage. Mwanangu alijikwaa kwenye ndoo, akaanguka, akanipita mimi niliyenyoosha mikono na kukimbilia kwa dada. Nilijikuta nina hasira na yule binti, hasira kabisa, nikataka kumtuma dukani. Hapo nikamwelewa mama yangu wa miaka ile, na nikashindwa kuendelea kuimeza siri ile.

"Mama, ile kanga niliifua mimi. Siyo bibi."

Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Bibi yako alijua?"

"Alijua. Aliona mikono yangu."

Alichambua mpaka ungo ukawa hauna jiwe hata moja, na bado akawa anachambua.

"Nilimpita pale barazani kila asubuhi," akasema mwishowe. "Kila asubuhi."

Nilidhani nikisema nitapumzika, kumbe nilikuwa nampa mama mzigo, na mwenye kuusamehe mzigo wenyewe amelala Maposeni chini ya msalaba wa mbao.

Ghala mama alilofanyia kazi lilifungwa siku nyingi. Masuku siku hizi yanaletwa kwa ndoo kutoka mbali, na baraza la bibi lilibomolewa kupisha barabara ya mtaa. Harufu ya tumbaku niliyoionea haya naitafuta. Nikipita karibu na mzee anayevuta kiko napunguza mwendo. Mimi sina harufu. Sare yangu inafuliwa kila siku, mapokezi kunapuliziwa marashi ya kopo, na ni mimi niliyemwamuru dada afue kila kitu cha mtoto kwa sabuni ya kunukia.

Mama hakunisema. Jioni ile alifungua mkoba wake, akatoa kanga mpya, akanirushia. "Lala nayo," akasema. Nikalala nayo siku nne. Alhamisi alfajiri nikaivua, nikamfunika mwanangu, nikasimama mlangoni nimevaa sare, viatu mkononi, kama alivyokuwa akisimama yeye.

Mtoto akageuka. Akaizamisha pua, akatulia kidogo, moyo wangu ukapanda. Kisha akaisukuma kwa mguu, akapapasa mpaka akaipata shuka ya dada anayelala naye, akaivuta usoni, akalala.

Mama alikuwa amekaa kitandani anatazama. Akaiokota kanga chini, akainusa, akaikunja, akaniwekea begani.

"Bado haijawa yako," akasema. "Lala nayo tena."