Kwa Nini Nilikupanga Kwenye Boti ya Baba Yako

Iko siku moja ambayo haijanitoka, Mwanangu, na jana umeirudisha kwa simu yako. Ulinipigia kutoka Kitwe kuniambia kwamba likizo hii utawapeleka wanao Johannesburg, kwenye ule uwanja mkubwa wa mashine za michezo. Ukaniuliza mimi, mama yako niliyezeekea kwenye biashara ya samaki, mtu afanye nini ili pesa zisimwishie njiani. Nilifurahi kuulizwa. Halafu ukacheka, ukasema, "Mama, mara hii sitapangwa mu boti ya pekee yangu." Mimi nakujua unapocheka kweli, na jana hukucheka kweli. Jibu lake si la simu, ndiyo maana leo nakuandikia.

Ulikuwa na miaka mitano. Baba yako alikuwa na nyavu zake hapa Nchelenge, na mimi nilikuwa nikivuka ziwa kwenda kwetu Pweto, upande wa Kongo, na sabuni na chumvi, nikirudi na mafuta ya mawese. Tulikuwa tunakula, lakini si hali ya kuchezea. Basi mwezi wa kumi habari ikafika sokoni kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kongo ameleta Chienge, kaskazini kwetu, kwa sikukuu ya uhuru, mashine ya kuzunguka yenye farasi wa mbao na viti vya minyororo. Sisi wa ng'ambo tunaiita maneji. Dada yako Chanda, aliyekuwa na miaka kumi, alikuzungusha uani siku nzima akikuonyesha jinsi itakavyokuwa, mpaka ukatapika.

Unajua mimi ni mtu wa kubana. Baba yako alikuwa akinitania kwamba hata moshi wa jikoni ningeuuza kama ungepata mnunuzi. Lakini nilitaka mwende, na nikapanga. Kabla ya kununua chochote nilitenga nauli ya kurudi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge cha nkambo wako, mama yake baba yako, kwa sababu yeye hakuwa na haja na farasi wa mbao. Nilichemsha mihogo, nikakaanga karanga, nikafunga samaki wa kukausha, maana penye sikukuu andazi linapanda bei kabla halijatoka kwenye mafuta. Nilipanga tufike siku moja kabla ya sikukuu yenyewe, asubuhi, wakati mwenye mashine bado anabembeleza wateja. Nanyi mliambiwa hapahapa nyumbani, kabla ya kusikia muziki wala kuona rangi, kwamba kila mtoto atapanda mara mbili na hakuna kulia.

Kilichobaki kilikuwa usafiri. Barabara ya Chienge wakati ule ilikuwa ya kuvunja magari na viuno, kwa hiyo watu wengi walipita majini. Nilimpata mwenye boti moja ya injini, nikapatana naye atubebe sote kwa bei ambayo mpaka leo naionea fahari. Nikarudi nyumbani nikijisifu. Nkambo wako alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua hata kichwa.

"Hatutapanda bote mu boti moja," alisema. "Utatafuta ingine."

"Mama, lakini ile njo kulipa mara mbili. Boti ni kubwa, itatubeba bote."

"Ile yenye ilibebaka mama yangu na bayaya yangu ilikuwa kubwa vilevile."

Nilijua habari ya mama yake na ndugu zake wakubwa, kila mtu wa ufuko huu aliijua. Alipokuwa msichana mdogo aliugua surua, akaachwa kwa jirani, na nyumba yao nzima ikapanda boti kwenda kwenye mazishi. Hawakurudi. Alikulia mikononi mwa watu, na hakubaki hata mmoja wa kumwambia amefanana na nani. Tangu alipopata watoto wake, nyumba yake ikivuka maji inavuka kwa boti mbili, iwe ni kanisani, iwe ni harusini. Mimi niliolewa nikaikuta desturi hiyo, na nikaiona kuwa ni woga wa mama mzee ambao mimi naulipia nauli.

Nikanuna. Yeye akaendelea na dagaa wake.

"Na weye njo utagawa," akasema. "Weye njo mama yabo. Mi sitaingia mule."

Basi nikakodi boti ya pili, ndogo, ya rafiki wa baba yako. Nikagawa. Wewe na baba yako mkapanda hiyo ndogo. Mimi, nkambo, Chanda, na mdogo wenu Ngosa aliyekuwa bado ananyonya, tukapanda ile kubwa. Kwa nini niligawa hivyo, nitakueleza. Nilinunua pia bidon tupu, dumu la mafuta ya kupikia, nikaifunga kamba. Baba yako aliuliza ya nini, nikamwambia ni ya kuchotea maji Chienge.

Kule mlifurahi, na hilo sitaki ulisahau. Mwenye mashine, kwa kuwa wateja walikuwa wachache, aliwaacha mpande wawili kwenye farasi mmoja kwa nauli ya mmoja. Wewe ulimpa farasi wako jina la mbwa wetu. Tulilala kwa watu wa kanisa, kwenye mkeka, bila kulipa. Hata baba yako alipanda kiti cha minyororo, akashuka akiwa kimya kabisa, na nkambo wako akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ya kurudi ziwa lilikuwa limebadilika rangi. Upepo ulikuwa bado mdogo, lakini nilimwona mwenye boti yetu akitazama upande wa Kongo mara nyingi kuliko ilivyonipendeza. Wewe ulinishika kitenge.

"Mama, mi nataka kuenda na weye."

"Utaenda na papa."

"Juu ya nini Chanda yeye anaenda na weye?"

Nilikubandua vidole kwenye kitenge changu kimoja kimoja, baba yako akakunyanyua, nawe ukalia mpaka boti zikasukumwa. Nilikaa nikikupa mgongo, kwa sababu ningekutazama ningekuja kukuchukua.

Upepo ulitukuta Chienge tumeshaiacha mbali. Wewe umekulia hapa na unayajua mawimbi ya Mweru, yanavyokuja mafupi na ya karibu karibu, moja halijapita lingine limeshaingia ndani. Tulichota maji kwa sufuria. Mwenye boti hakutuuliza, akaigeuza kuelekea ufuko, na tukatupwa kwenye kambi moja ya wavuvi tukiwa tumelowa mpaka kwenye mifupa, lakini hai. Nilipogeuka kutafuta boti yenu, palikuwa na mvua tu. Ukuta mzima wa mvua, na nyuma yake sikuona kitu.

Niliogopa, Mwanangu. Wavuvi walinikalisha mchangani, nikawa natazama maji, na kila ubao uliopita nilidhani ni wa boti yenu. Nilitaka kurudisha bei yangu nzuri, fahari yangu, farasi wote wa mbao, nirudishiwe ile sauti yako ya kulia. Halafu likaja jambo baya zaidi. Nilijikuta nawahesabu waliobaki. Chanda yupo. Ngosa yupo. Mama mkwe yupo. Hapo ndipo nilipoelewa ile desturi. Nkambo wako hakuwa anatugawa ili tusife. Alikuwa anatugawa ili abaki mtu. Mimi niliyemwona mwoga nikajua kwamba yeye alikuwa amekitazama machoni kitu ambacho mimi nilikuwa nakikwepa nikijifanya napiga hesabu za nauli.

Nikaanza kupiga kelele. Akaja akasimama mbele yangu, maji yanamtiririka.

"Acha kulia sawa mwenye amefiwa. Washa moto, pika. Batafika na njaa."

"Na kama hawafike, mama?"

Alikamua kitenge chake. "Basi hawa wawili njo watakula."

Niliwasha moto. Wavuvi walitupa unga na mikono yangu ikasonga bukari, ugali wa kwetu, bila mimi. Niliuchukia ule unga, na nilimchukia nkambo wako, nakuambia ukweli. Lakini Chanda alikula, akaacha kutetemeka.

Jua lilikuwa limeshuka sana mlipotokea, kwa miguu, kando ya maji. Boti yenu ilikuwa imejaa ikapinduka karibu na mwambao, mbali kaskazini. Baba yako alikuwa amekufunga mgongoni kwa kamba ya injini kabla haijapinduka, na aliogelea nawe hivyo. Rafiki yake alishika ubao, naye akatoka salama. Kamba ilikuchuna mbavu. Nilikimbia na mikono wazi, nawe ukanipita, ukaenda kukaa mapajani pa nkambo wako. Miaka yote hii umenipenda vizuri, umenijengea nyumba ya bati, lakini kuna kitu kwenye maneno yako jana ambacho kilikaa mapajani pale na hakijainuka.

Sasa sikiliza nasaha uliyoomba. Nauli ya kurudi itengwe kwanza, na aishike mtu asiyependa michezo. Mkeo si huyo, nisamehe. Bebeni chakula chenu, maana pale mlangoni watawauzia maji kwa bei ya mafuta. Msiende siku ya sikukuu yenyewe. Waambie watoto nyumbani watapanda nini na mara ngapi, wala usibadilishe neno mbele ya mashine. Ukiwa na ndugu wa kuwalaza, lala kwa ndugu, hata akikoroma. Hivyo pesa yako itakutosha.

Lakini usibane penye uhai. Usichague basi kwa sababu ni rahisi tu, wala usimlazimishe dereva aliyechoka kwa sababu hoteli ni ghali. Na kabla hamjatoka, kaa na mkeo jikoni mgawane watoto. Huyu ni wako, hawa wawili ni wangu. Semeni kwa sauti, hata mkiona aibu, hata kama mnaona mnaita mabaya. Kwenye uwanja wenye watu wengi namna ile, mtoto anayetazamwa na wote wawili hatazamwi na mtu, kila mmoja anadhani mwenzake anamwona. Kugawa kutakuuma. Gawa hivyo hivyo.

Na jibu lako ni hili. Katika nyumba yetu aliyejua kuogelea alikuwa baba yako peke yake. Mimi nimezaliwa kando ya maji, lakini yakinifika kifuani naita jina la Yesu. Nkambo wako ndivyo hivyo. Na mtu kwenye mawimbi yale anaweza kumtoa mtoto mmoja, wa pili anawazamisha wote. Ngosa alikuwa ananyonya, asingeweza kuachana nami. Mlibaki wewe na Chanda. Jioni ile ya kugawa nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikashindwa. Nilidhani mko nje mnacheza. Kumbe Chanda alikuwa mlangoni.

"Papa amubebe mutoto," aliniambia. "Mi nitashika bidon."

Hukupangwa peke yako kwa sababu sikukutaka, Mwanangu. Nilikupa mikono pekee tuliyokuwa nayo, na aliyekuwa na haki nayo sawa na wewe ndiye aliyekuachia. Njia nzima, kwenda na kurudi, dada yako alikaa amekumbatia ile bidon tupu, ya kumwelesha boti ikizama, na hajawahi kukuambia.

Mungu akuongoze barabarani, akulindie wanao kila mmoja kwa jina lake, akurudishe Kitwe ukiwa na wote uliotoka nao na chenji kidogo mfukoni. Na kabla hujaondoka, mpigie Chanda.