Sinia Moja na Dada Rehema

Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine: dawa ya nondo, vumbi la safari ndefu, na sabuni ya nyumba za watu nisiowajua. Hata leo nikiisikia gulioni, hatua zangu hupungua, nami hujiona niko uani kwetu Mkonze, upepo wa Julai ukirusha vumbi jekundu juu ya nguo alizozitandaza mama mkekani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tena. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza mtaani kuuza mitumba, na siku ya kufungua robota ilikuwa sikukuu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Rehema alikuwa na kumi na saba, yuko kidato cha nne, mnene wa kupendeza, mwenye mashavu ambayo shangazi zetu hawakuweza kuyapita bila kuyafinya.

Siku moja likatoka gauni la bluu, jepesi kama moshi, kiuno chake chembamba mno. Rehema akalinyakua.

"Mama, hili usiliuze. Nitalivaa siku ya mahafali."

Akaingia nalo ndani, akakaa huko sana, akatoka amelishika mkononi. Zipu ilikuwa imegoma. Rafiki yake Stela, binti wa mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamia mtaani kwetu, akalijaribu kwa mzaha tu. Likamkaa utadhani fundi alimpima. Alizunguka uani mara moja, gauni likielea nyuma yake, na sisi sote tukamfuata kwa macho.

Mama akacheka. "Nguo ndiyo hutafuta mwili wake, wanangu. Mwili hautafuti nguo."

Rehema hakucheka.

Mimi na yeye tulikuwa tukila sinia moja, kwenye kivuli nyuma ya jiko. Kuanzia siku ile alinawa mikono kama kawaida, akakata tonge, akalichovya kwenye mlenda, kisha akalisukuma taratibu upande wangu. "Kula, Hawa. Mimi nimeshiba. Ila usimwambie mama." Nikaapa. Nilikula ugali wangu na wake, nikalamba mchuzi, na sinia likarudi jeupe hata mama akatusifu. Yale majuma nayakumbuka kama ndoto nzuri. Jua lilikuwa laini, mbuzi wa jirani walilia mbali, na dada yangu alikaa ameegemea ukuta, amenipakata, akinisukia nywele huku mimi natafuna. Nilinenepa. Niliamini hakuna mtoto Dodoma nzima anayependwa kama mimi.

Mbavu zake nilizihisi mgongoni mwangu. Nilidhani ndivyo wasichana wanavyokuwa wakikua. Stela alipopita njiani, mikono ya Rehema ilisimama kwenye nywele zangu, akamtazama mpaka alipopotea, ndipo akaendelea kusuka, safari hii akivuta kwa nguvu.

Akaanguka asubuhi moja akitoka bombani, ndoo kichwani. Maji yalimwagika, na yeye akalala ndani ya tope lile, midomo imekuwa ya kijivu. Majirani wakasaidiana kumfikisha zahanati.

"Anakula?" daktari aliuliza.

"Anakula, mwanangu! Mimi mwenyewe ndiye ninayempakulia. Sinia linarudi tupu kila siku," mama alijibu, karibu kukasirika.

Daktari akanitazama mimi na tumbo langu. Rehema alikuwa amefungua macho, ananiangalia. Nikashika pindo la khanga ya mama, nikasema, "Chakula chake nakula mimi."

Mama aliketi chini sakafuni, akaweka mkono mdomoni. Rehema akageukia ukutani.

Stela alikuja kumwona, kaleta maziwa ya mgando. Alimkuta mama akimlisha uji kwa kijiko. "Wewe Rehema umerogwa?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi kwetu wananiita ufito. Nimekunywa kila dawa ya kunenepesha niliyoambiwa, nipate japo nyonga kama zako." Rehema alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. Kisha akafungua mdomo, akameza uji.

Alipona polepole. Gauni mama alimuuzia mwanamke wa Bahi, aliyelikata akawashonea binti zake wawili. Lakini Rehema hakuzungumza nami mpaka mvua za kwanza, nami nilibeba moyoni kwamba nimemsaliti mtu aliyenipenda kuliko wote.

Miaka ikapita. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nilikwenda kwake Nzuguni kumpikia. Mchana mmoja, mtoto amelala, nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akashangaa. "Hawa, nilikunyamazia kwa aibu tu. Mimi nilishindwa kuacha kujinyima. Njaa ilikwisha kunizoea. Kila tulipoketi kwenye sinia lile nilikuwa nikiomba moyoni useme. Wewe, ambaye uliutangazia mtaa mzima kwamba baba anakoroma!"

Tulicheka hadi mtoto akaamka. Nilipokuwa nikimbembeleza ndipo nilipoelewa. Katika nyumba nzima dada yangu alimpa siri yake mtoto asiyejua kufunga mdomo. Nami, kwa jinsi nilivyompenda, mara hiyo moja nikaufunga.