Jembe kwa Mgeni wa Miezi Minne

Nilimtumia mjane picha ya jembe. Sikujua kama ni mjane, lakini jembe nililijua vizuri, ni la kwetu. Nililiegemeza kwenye ukuta wa choo mpini juu, nikalipiga picha, na chini yake nikaandika: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe unataka miezi minne. Tukuandalie na panga?"

Nilicheka peke yangu mpaka paka akahama.

Chumba chenyewe kiko uani kwetu, hapa Kilwa Masoko. Mama alikijenga kwa maandazi, kidogo kidogo, akaweka kitanda, feni na neti mpya kwa ajili ya watu wanaokuja kutazama magofu ya Kisiwani. Mjomba, kaka yake, alikitamani tangu hakijaezekwa. Ana shamba la ufuta Kiranjeranje, na kila akija kusalimia husimama mlangoni akikipima kwa macho. Wakakubaliana kwamba ufuta ukivunwa kabla mgeni hajapatikana, chumba kinakuwa ghala. Mama akanikabidhi simu yenye app ya kupangisha vyumba, maana mambo ya app nyumbani kwetu ni yangu, akaniambia nikiona ombi nisilolielewa nimuulize. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa mambo mengi.

Nikawa meneja. Nilisoma mtandaoni dalili za mgeni wa kutiliwa shaka: akaunti mpya, hana picha, anataka kukaa muda mrefu, anauliza sana. Ombi la kwanza lilitoka kwa jamaa aliyetaka tumalizane pembeni, nje ya app, ila kwanza tumtumie nauli. La pili lilitoka kwa vijana waliouliza kama majirani zetu wanapenda muziki. Yote mawili niliyakataa, mama akanisifu, na hapo ndipo aliponiharibu.

La tatu lilitoka Mtama. Akaunti imefunguliwa siku ileile, na mahali pa uso pana picha ya ua waridi. Alisalimia vizuri, akasema ni mwanamke mtu mzima, yuko peke yake, anaomba miezi minne. Yakafuata maswali. Choo kiko ndani ya chumba? Ukuta wa ua ni mrefu? Nyumbani kuna wanaume wangapi? Hatakuwa anatoka, wala hatapokea wageni wanaume. Tena akaomba chumba kisifukizwe udi wala kupuliziwa marashi.

Kwenye udi nikamhukumu. Hata majini wa Kilwa wanapenda udi. Na nani anakuja pwani kujifungia miezi minne asione bahari, kama hajamkimbia mtu? Ama polisi, ama wanakikoba wenzake aliowalia akiba. Ndipo nikaenda kulitafuta jembe.

Akajibu: "Jembe nimeliona, mwanangu. Kama shamba liko ndani ya ua, nitalima. Nje sitoki."

Nikasema huyu ana makubwa. Mtu msafi angetukana. Nikabonyeza kukataa.

Jioni nikamsimulia mama kama kichekesho, sauti ya bibi mkimbizi nikiigiza mwenyewe. Alikuwa anakuna nazi. Nilipofika kwenye udi, mbuzi ikanyamaza.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma, safari hii bila sauti ya kuigiza.

"Huyo mwanamke yuko eda."

Eda naijua. Nimejifunza madrasa na nikapata alama zote: mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Naijua ikiulizwa kwenye mtihani. Ikija na picha ya ua waridi, ndiyo hiyo, naipelekea jembe.

Mama hakunifokea, na nilitamani anifokee. Alisimama nyuma yangu akanisimamia kuandika. Samahani ya kwanza aliifuta kwa sababu niliweka kikatuni kinacholia. Ya pili ilikuwa fupi: pole kwa msiba, aliyejibu ni mtoto, chumba ni chako.

Kesho yake mjomba akaja na habari kwamba ufuta umekauka shambani na lori amelipata. Mama akamwambia asubiri. Mjomba akauliza anasubiri nini, mama akaniangalia mimi, nami nikaiangalia simu kama vile nayo ni ya kulaumiwa.

Jibu likaingia baada ya adhuhuri. Alishukuru. Alisema kwake shemeji zake walibadilisha kufuli siku ya pili ya msiba, na kwamba huko kwingine alikoomba hakuna aliyemjibu kabisa. "Afadhali nyie mlinijibu jembe," aliandika. "Nakuja kesho, inshallah. Liwepo."

Alifika na begi moja na redio ndogo. Nilimpokea mlangoni, macho chini, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Wewe ndiye mwenye jembe?" Nikamwambia ni la mama.

Ghala likamponyoka mjomba, magunia yakajazana sebuleni kwake, mtaa wa pili. Na kwa kuwa mgeni hawezi kukaa eda huku dume zima linakatiza uani na taulo, mama akaamua nikalale huko huko kwenye ufuta, mpaka mgeni amalize. Nikalalamika kwamba mimi bado mtoto. Tena nikauliza kwa nini niadhibiwe eda nzima kwa picha moja.

Mama alikuwa anakunja shuka zangu. Alisema hivi:

"Baba yako alifariki nikiwa na mimba yako. Nikakaa eda kwenye chumba cha watu, wala hawakuniuliza swali. Na eda ya mwenye mimba inaisha akijifungua, kwa hiyo yangu uliimaliza wewe, kwa kuzaliwa. Tangu siku ile, kingine nilichokuona unakimaliza ni wali. Beba godoro."